Ji- ya Kujiajiri

Zilibaki siku kumi na tisa pikipiki iwe yake. Miezi kumi na minne mpwa wangu alipeleka hesabu, shilingi 10,000 kila jioni, kutoka kijiwe cha Mwanjelwa, Mbeya. Akaugua, akalala wiki mbili. Alipoinuka, bosi alikuwa ameshaichukua. Mkataba ndivyo ulivyosema.

Kwenye kikao cha familia, kaka yangu wa Mafinga akasonya. "Vijana wa siku hizi hawataki kuanzia chini. Mimi nilianza na jembe."

Maana ya kujiajiri imo kwenye kamusi, tuiache huko. Na ni kweli wapo wanaokunywa hesabu, na bosi naye pengine ana mkopo. Lakini hilo jembe limeninyima usingizi.

Kaka, jembe ulilipiga wapi, hewani? Baba alitugawia ekari tatu tatu, bure. Misindano yako ilikua umelala. Ungeugua mwaka mzima, isingekwambia mkataba umevunjika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ya 2022 milioni 61.7, na Mufindi ni ile ile. Ulianzia chini, sikatai, ila chini yenyewe ilikuwa yako. Huyu kaanzia chini ya mtu.

Hiyo ji- nayo hunichekesha. Kujikuna: mkono wangu, mgongo wangu. Kujinyoa, kujifunika, mtenda na mtendwa ni mmoja. Kujitegemea pia, na Azimio la Arusha lilipotaja mahitaji ya maendeleo, ardhi ilifuata mara tu baada ya watu. Sasa sema: "Mpwa wangu amejiajiri kwa bosi." Sarufi inakataa, kijiweni wanaelewa.

Angekuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ingemruhusu kuugua siku 126 katika miezi 36. Yeye aliugua kumi na nne. Basi kajiajiri, kaajiriwa, au kuna neno la tatu ambalo bado hatujalitunga? Mara naona ni mpangaji wa jasho lake mwenyewe, mara naona nimekuza mambo.

Juzi nilimkuta Mwanjelwa anapiga deiwaka, pikipiki ile ile.

"Shikamoo mjomba. Lile shamba lako la Mufindi, huwezi kunikodisha hata nusu ekari nilime viazi?"

Nusu ekari. Kunikodisha, alisema. Nikamjibu nitafikiria.