Haki ya Ndugu Aliyepooza

Ndugu msomaji, kiharusi si pepo wala uchawi. Ni mshipa wa damu ubongoni kuziba au kupasuka, na chanzo chake kikubwa ni shinikizo la damu. Umwonapo mtu uso umepinda, mkono umelegea, usemi umemtatiza, mwahishe hospitali, si kwa mpunga pepo.

Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya mwenzake. Je, sisi hufanyaje? Juma la kwanza nyumba hujaa wageni. Mwezi wa tatu mgonjwa hubaki na mkewe tu. Hali kupona kwake huchukua miezi, hata miaka, mkono ukifundishwa upya kushika kikombe.

Basi tugawane zamu: mmoja amsaidie mazoezi aliyoelekezwa na mtaalamu, mwingine ampeleke kliniki, mwingine ampumzishe mwuguzaji. Aliyepoteza usemi huenda akili yake ingali timamu. Tusimseme mbele yake kana kwamba hayupo.

Imran bin Husain r.a. alipougua, Mtume s.a.w. alimwelekeza asali amesimama, asipoweza, ameketi, na asipoweza, kwa ubavu. Dini haikumtenga, nasi tusimtenge ndugu yetu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.