Je, Yafaa Kusoma Habari za Watu Tusiowapenda?



Wakati wa likizo mama mmoja wa hapa Endasak alinijia na kitabu mkononi. Alikikuta katika tranka la binti yake aliyerudi kutoka shule ya bweni. Alikuwa amekisoma chote kwa siku mbili, naye alikuwa na hasira. "Mwalimu," akasema, "huyu msichana simpendi. Baba yake simpendi. Na huyo mchumba ndiye simpendi kabisa. Hadithi ya mapenzi isiyo na mtu hata mmoja wa kumwiga! Nikichome?"

Kitabu chenyewe kilikuwa Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Kilitoka mwaka 1971. Na swali la mama huyo si geni, kwa maana kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Baadaye kiliruhusiwa, hata kikawekwa miongoni mwa vitabu vya kusomwa katika shule za sekondari. Mwandishi alifariki Januari 2020, lakini swali lingali hai.

Kwa wale wasiokisoma, habari yake kwa ufupi ni hii. Rosa ni binti wa Zakaria, mtu mlevi na mkali. Kijana Charles anapomwandikia Rosa barua, baba anampiga binti vibaya. Hivyo Rosa anakua akiogopa wanaume, bila kufundishwa namna ya kusema nao. Anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, hofu ile inageuka. Anajitupa kwa wanaume ovyo, tena anatoa mimba. Mwishowe anataka kujirekebisha, na Charles anamchumbia. Lakini Charles anamkataa kwa sababu ya maisha yake ya nyuma, na Rosa anajiua.

Basi nikamwuliza yule mama, "Ulipofika mwisho, ulilia?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nililia."

"Ulimlilia nani, ikiwa humpendi?"

Hakunijibu. Nami tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri jambo hili, maana naona hapo ndipo penye fundisho.

Ni rahisi kumhurumia mtu mwema. Binti mpole akionewa, kila mtu humlilia, wala huruma hiyo haitugharimu kitu. Bali kumhurumia mtu ambaye tabia yake yatuchukiza, huo ndio mtihani. Tukisoma tu hadithi ambazo msichana ni safi na mvulana ni shujaa, twaweza kuzoea kudhani kwamba huruma ni zawadi ya walio safi. Charles naye alidhani hivyo. Alimpenda Rosa aliyemwazia kichwani, na alipomwona Rosa mwenyewe akamkimbia.

Wengine watasema, "Vijana wataiga mabaya." Hoja hii si ya kudharau. Kitabu cha namna hii si cha kumtupia mtoto peke yake, kisha mzazi aende shambani. Lakini tuangalie vema: hadithi hii haiupambi uovu hata kidogo. Kila kosa lina malipo yake, na malipo ni makali. Tena hata Biblia haikuchagua watu wa kupendeza tu. Samsoni na Delila, ni nani kati yetu angependa mmoja wao awe mkwe wake? Hata hivyo twawasomea watoto wetu habari zao.

Sasa tulilete jambo hili nyumbani, huku kwetu chini ya Mlima Hanang. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni. Lango limefunguliwa. Lakini anayerudi atakutana na sisi: na majirani, na wazazi wa wenzake, na wale wanaoketi benchi moja naye kanisani. Akirudi ameinamisha kichwa, akilia na kuomba radhi, tutampokea. Je, akirudi ni mjeuri? Akijibu kwa ukali, asipotaka kutueleza baba wa mtoto ni nani? Mara nyingi mtu aliyeumizwa hapendezi. Ukali wake ndio nguo aliyojifunika. Tukingoja apendeze kwanza ndipo tumsaidie, huenda tukachelewa kama Charles alivyochelewa.

Tena yupo Zakaria. Huyu nadhani ndiye aliyemkasirisha mama yule kuliko wote, maana wazazi wengi tukimsoma twajiona. Zakaria alidhani kwamba anamlinda binti yake. Alimfundisha kuogopa fimbo, hakumfundisha kupambanua. Siku fimbo ilipokuwa mbali, binti hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Mwisho wa kitabu Rosa na baba yake wanashitakiana mbele ya Mungu, na msomaji hawezi kukaa pembeni kama mtazamaji. Atajiuliza, "Mimi ningeshitakiwa na nani?"

Kumhurumia Rosa si kusema kwamba alitenda vema. Alikosa, na Zakaria alikosa, na Charles pia. Lakini anayejua jinsi mtu alivyofika shimoni ataweza kumsaidia atoke, na tena ataweza kuliziba shimo kabla mwingine hajatumbukia.

Yule mama hakukichoma kitabu. Alisema atakirudisha katika tranka, kisha jioni atamwambia binti yake kwamba amekisoma, nao watazungumza. Akaniuliza aanzie wapi. Nikamwambia, "Anzia pale ulipolia."

Nanyi wasomaji, je, ni kijana gani hapa kwetu ambaye hamumpendi? Mmewahi kumwuliza habari zake?