Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Methali hii ni fupi, na kwa ufupi wake hudhaniwa kuwa nyepesi. Hutolewa pale mtu anapopewa shauri asilolihitaji: nahodha akielezwa na abiria namna ya kutweka tanga, au mpishi mzee akikumbushwa na mgeni kwamba wali hutaka chumvi. Watu hucheka, mshauri hunyamaza, na mazungumzo huendelea. Lakini kosa ambalo mataifa mengi yamelitungia methali haliwezi kuwa dogo. Warumi walisema kwamba nguruwe anamfundisha Minerva, mungu wao wa kike wa hekima. Erasmus aliikusanya methali hiyo pamoja na nyingine ya kumfundisha pomboo kuogelea. Waingereza, tangu mwanzoni mwa karne ya 18 kwa uchache, humcheka mjukuu anayetaka kumfundisha bibi yake kufyonza yai.

Asili ya methali ya Kiswahili yafaa itafutwe katika maneno yake yenyewe. Methali za wenzetu humtaja mshauri na kumfanyia mzaha. Ya Kiswahili haimtaji kabisa. Kitenzi "haambiwi" kimemfuta msemaji; aliyebaki ni mwenye macho peke yake, na heshima yake. Tena neno lililochaguliwa ni "tazama". Wako wasemao "haambiwi ona", lakini hapo ladha hupungua. Kutazama ni tendo la hiari, na kuona ni tunda lake. Amwambiaye mtu "tazama" hamwongezei nuru. Anamshuku kuwa ameyafumba macho aliyopewa na Mungu. Kwa hiyo uchungu wa shauri lisilohitajiwa haumo katika habari inayotolewa, kwani habari yenyewe yaweza kuwa kweli tupu. Umo katika dhana iliyolitangulia.

Mfano wa jambo hili hauna haja ya kutafutwa mbali. Tuseme kijana aliyetoka chuoni anafika Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu, akamkuta bibi mmoja wa Kiiraqw shambani, akaanza kumweleza kwamba samadi hurutubisha udongo. Asemayo ni kweli. Lakini Wairaqw, ambao kwa Kiswahili wamezoea kuitwa Wambulu, walikuwa wakilaza ng'ombe nyumbani na kuchukua samadi mashambani kabla ya serikali yoyote ya kigeni kufika kwao. Katika nchi yao ya kale, Irqwar Da'aw, penye Kainam, walilima miteremko mikali kwa matuta, walifukia nyasi udongoni zioze, walichimba mifereji ya kuondoa maji katika mabonde yenye tope, na walilipumzisha shamba lilipochoka. Bibi yule atamsikiliza kijana kwa adabu. Pengine atamkaribisha uji. Hasara itakayopatikana siku hiyo ni ndogo: kijana ameikosa nafasi ya kuuliza.

Je, hasara huwa ndogo hivyo daima? Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Mjukuu hana amri juu ya bibi yake, na nguruwe hana amri juu ya Minerva. Ndiyo maana methali zile huchekesha. Dhana ya kwamba mtu hatazami, ikikaa kinywani mwa mnyonge, ni upuuzi. Ikikaa mikononi mwa mwenye nguvu, hugeuka kuwa hoja. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Kiingereza ilikuwa na mipango ya kuhifadhi udongo katika wilaya nyingi za Tanganyika, na Mbulu ikiwa mojawapo, ambako watu walitakiwa kupunguza mifugo yao. Huko Uluguru wakulima waliamriwa kuchonga ngazi milimani. Ngazi hizo ziliufunua udongo wa chini usio na rutuba, na mwaka 1955 watu walifanya ghasia hata mpango ukaachwa. Shauri lililoanza kwa "tazama" lilikuwa limekwisha kuwa "fanya".

Kisa cha Hanang ni kizito zaidi, na hakikutendwa na mkoloni. Katika nyanda za Basotu, Wabarabaig walikuwa wakichunga kwa kuhama kufuata majira, kutoka malisho ya namna moja hadi ya namna nyingine. Malisho bora kuliko yote, wanayoyaita muhajega, hayakuliwa mwaka mzima. Yaliachwa yapumzike ili yafae kwa wakati wake. Mgeni aliyefika wakati wa mapumziko hayo aliona nyasi bila ng'ombe, akahukumu kwamba ardhi imekaa bure. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililima ngano katika mashamba saba makubwa, jumla yake yapata hekta 40,000. Trekta zilipita hata juu ya makaburi ya wazee. Watu wa Mulbadaw walishitaki. Mahakama Kuu iliwapa haki kwa sehemu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Nchi ilihitaji mkate, na hilo si jambo la kudharauliwa. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na waliopima faida ya ngano hawakuupima mzigo wa mchungaji aliyenyang'anywa malisho yake ya akiba. Waliamini kwamba hakuna aliyekuwa akitazama pale, na kwa imani hiyo hawakuona kwamba wanachukua kitu cha mtu.

Hata hivyo methali hii haipaswi kuachwa iwe ngao ya kila mkaidi. Hutumiwa na baba asiyetaka kuambiwa kitu na mwanawe, na mkuu asiyetaka kusahihishwa na karani. Hao huisoma kana kwamba imesema "mwenye umri" au "mwenye cheo". Yenyewe imesema "mwenye macho", na macho hayamfuati mtu kila aendako yakiwa na nguvu ile ile. Wairaqw wenyewe ni ushahidi. Walipoongezeka na kuhamia nchi pana, kama vile Karatu kwa upande wa kaskazini, wengi hawakuendelea na kazi ile ngumu ya Kainam. Ardhi ilikuwa tele. Nani angejitaabisha kubeba samadi? Mahali pengine udongo uliondoka na mvua, na afisa wa Kiingereza aliyesema kwamba unaondoka hakuwa mwongo. Kosa lake lilikuwa kuwasemea wote kwa sauti moja, wa Kainam na wa Karatu, kana kwamba Mbulu nzima ilikuwa imefumba macho. Mtu aliyestahili kuwaambia wahamiaji "tazama" alikuwapo, tena karibu: ni jamaa zao waliobaki mlimani, ambao mashamba yao yalikuwa bado yanalimwa kwa jasho lile lile la zamani. Bwana shamba angeweza kuwapandisha wahamiaji hao Kainam wakaone mashamba ya wajomba zao.