Chombo Kitupu Mlangoni pa Jirani
Mahubiri ya Mkesha wa Watakatifu Wote
Somo: 2 Wafalme 4:1–7



Kila mwaka ufikapo mwisho wa Oktoba, hapa Marekani madirisha ya maduka hujaa maboga, mifupa ya karatasi na sura za bandia zenye kutisha. Watoto wetu hutuletea habari kutoka shuleni kwamba jioni ya tarehe 31 kila mtoto atabeba chombo chake, atapita nyumba kwa nyumba, naye atapewa pipi. Ndipo maneno huanza nyumbani. Wazazi wengine husema, "Mwanangu hatakwenda, hayo ni mambo ya uchawi." Wengine husema, "Mwache aende, ni mchezo tu." Na wengine hawasemi neno, huzima taa ya barazani, hufunga mlango, hukaa ndani kimya mpaka yapata saa tatu usiku. Basi watoto wa kanisa moja, waliobatizwa kwa maji yale yale, hukutana Jumapili wakitazamana kwa mashaka: huyu aitwa mpagani, yule aitwa mshamba. Jambo hili si dogo, kwa maana lawagawa watoto wa Mungu. Tulitazame pamoja katika nuru ya Neno lake.

Kwanza tujue asili yake. Jina Halloween latokana na maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya mkesha wa watakatifu. Maana kesho yake, tarehe 1 Novemba, ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Katika karne ya nane Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kikanisa ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma kwa heshima ya watakatifu wote, na katika karne ya tisa siku hiyo ikaenea katika Ulaya ya Magharibi. Baadaye, karibu na mwaka 1000, Abate Odilo wa Cluny, huko Ufaransa, akaagiza watawa wake waiadhimishe tarehe 2 Novemba kwa kuwakumbuka marehemu wote.

Katika siku hizo, huko Uingereza, maskini na watoto walipita mlango kwa mlango. Wenye nyumba waliwapa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Kisha Waayerishi, waliohamia Marekani kwa wingi wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, walikuja na desturi zao za usiku huo, na zile taa walizokuwa wakichonga kwa mizizi minene ya shambani wakaanza kuzichonga kwa maboga. Habari ya pipi ni ya juzi tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari iligawiwa kwa kipimo nchini humu, tangu mwaka 1942 hata 1947. Ilipoachiliwa, pipi zikashika mahali pa mkate. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: mkate umegeuka pipi, na sala imeanguka njiani.

Lakini wapo kati yetu waliotoka katika nchi ambazo neno "mchawi" si mchezo. Katika Tanzania vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Katika Kongo watoto wameitwa wachawi na jamaa zao wenyewe, wakafukuzwa nyumbani, wakalala mitaani. Mama aliyeona mambo hayo kwa macho yake, akimwona mwanawe amevikwa kofia nyeusi na pua ya mchawi, moyo wake washtuka, wala tusimcheke. Namwambia mama huyo: una haki ya kumkataza mwanao asivae hivyo. Bibi kizee wa watu si kitu cha kuchekesha. Lakini usiiache hofu ikufungie mlango wako pia. Mungu hakutupa usiku huu tuwaogope wafu, bali tumshukuru kwa ajili ya watumishi wake waliotutangulia.

Basi tuje kwenye somo letu. Mjane mmoja alimlilia nabii Elisha. Mumewe, aliyekuwa mcha Mungu, amekufa, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii akamwuliza ana nini nyumbani. Hana kitu ila mafuta kidogo. Hapo Elisha akamtuma kwa jirani zake wote akaazime vyombo vitupu, wala si vichache. Akajifungia ndani na wanawe. Wao wakamletea vyombo, naye akamimina. Mafuta hayakukoma mpaka vyombo vilipokwisha. Kisha akauza mafuta, akalipa deni, akaishi yeye na wanawe kwa yaliyobaki.

Natamani tuone mambo matatu.

La kwanza, chombo kilikuwa kitupu. Nabii hakuomba vyombo vya dhahabu, wala hakuuliza kama ni vizuri; alitaka viwe vitupu. Ndivyo tulivyo mbele za Mungu. Katika Injili ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, Bwana wetu awaita heri walio maskini wa roho, na wenye njaa na kiu ya haki. Watakatifu si watu waliokuja kwa Mungu wamejaa. Ni watu waliokuja watupu wakajazwa.

La pili, chombo kilipatikana kwa jirani. Mungu angeweza kumpa mjane yule mafuta bila msaada wa mtu ye yote. Lakini alimfanya abishe hodi kwanza, na wale jirani, pasipo kujua, wakawa na sehemu katika muujiza. Ndugu zangu, wengi wetu tumekaa katika nyumba zetu hapa miaka mitatu, minne, wala hatulijui jina la mtu wa mlango wa pili. Kwetu tulizoea kuazimana chumvi na moto. Huku kila mtu yuko nyuma ya mlango wake. Na katika mwaka mzima ni jioni moja tu ambayo nchi nzima hukubali mtoto wa mgeni abishe hodi, afunguliwe, atazamwe usoni na kupewa kitu. Nyumba iliyowasha taa ya barazani yasema, "Karibu". Nyumba iliyozima haigongwi. Je, sisi tulio Wakristo ndio tutakaokuwa gizani usiku wa watakatifu?

La tatu, chombo hakikujazwa kikae rafuni. Mafuta yaliuzwa, deni likalipwa, watoto wakaokoka utumwani. Mwaka 1950, mjini Philadelphia, mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, Clyde Allison, na mkewe Mary Emma, waliwatuma watoto katika usiku huo wakiwa na makasha ya karatasi ya maziwa. Hawakuomba pipi, bali sarafu kwa ajili ya watoto wenye shida duniani. Mara ya kwanza walipata dola 17, wakazipeleka UNICEF. Desturi ile ikaenea, na kwa miaka mingi yale makasha madogo ya rangi ya machungwa yamekusanya zaidi ya dola milioni 100. Yote yalianza na kasha la maziwa lililokuwa limekwisha kazi.

Kwa sababu hiyo nawashauri wazazi na walimu wa shule ya Jumapili wakae na watoto Jumamosi itanguliayo mkesha, wawatengenezee vyombo vya karatasi. Kazi hii haina gharama. Yataka karatasi ngumu, mkasi, rula, penseli na gundi. Nitaeleza vyombo vitatu.

Cha kwanza ni pia, mfano wa zile karatasi zilizosokotwa ambazo kwetu huuziwa karanga. Weka sahani yenye upana wa sentimita 24 juu ya karatasi, chora duara, likate, kisha uligawe nusu kwa nusu. Kila nusu yatoa chombo kimoja. Isokote mpaka kingo mbili zilizonyoka zipandane kidogo, paka gundi, ishike mpaka ikauke. Kisha gandisha mdomoni ukanda wa karatasi wa sentimita 3 kwa 30 uwe mkono wa kushikia.

Cha pili ni kisanduku. Chukua karatasi ya mraba, sentimita 20 kila upande. Piga mstari sentimita 5 kutoka kila ukingo, ukunje kufuata mistari hiyo. Katika kila pembe utaona mraba mdogo. Kata upande wake mmoja tu, mpaka pale mistari ikutanapo. Inua kuta nne, gandisha ile miraba midogo ndani ya kuta, weka mkono wa kushikia. Utapata kisanduku chenye kitako cha sentimita 10 kwa 10 na kimo cha sentimita 5.

Cha tatu ni lile kasha la maziwa. Lioshe vema, likaushe, kata sehemu ya juu, lifunike kwa karatasi ya rangi. Chombo hiki ndicho kishindacho vyote siku ya mvua, kwa maana karatasi tupu ikilowa hupasuka na pipi zikamwagika njiani. Wala mtu asiweke mshumaa ndani ya chombo cha karatasi.

Neno la tahadhari pia. Karanga, ambazo kwetu ni chakula cha kila mtoto, zaweza kuwadhuru vibaya watoto wengine. Tafadhali msiwape watoto kabla ya kuwauliza wazazi wao. Tena pipi ngumu humkaba mtoto mdogo. Wadogo wapewe kitu kingine.

Sasa, tuandike nini juu ya vyombo hivi? Badala ya mchawi na mifupa, kila mtoto aandike jina la mtakatifu mmoja, ajifunze habari zake, aweze kumweleza jirani akimwuliza. Yuko Bernard Mizeki, mzaliwa wa Msumbiji, katekista aliyekataa kuwaacha watu wake akauawa huko Mashonaland mwaka 1896. Yuko Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa Februari 1977 kwa kuwa alisema kweli mbele ya Idi Amin. Na siku mbili tu kabla ya mkesha wetu, tarehe 29 Oktoba, Kanisa humkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini hakufa peke yake. Wengi wa wapagazi wake waliuawa pamoja naye, watu waliobeba mizigo vichwani safari ndefu ya kwenda Uganda. Jina la askofu limo katika kalenda; majina yao hayamo. Basi watoto wawili watatu waache vyombo vyao bila jina lo lote, kwa heshima ya hao. Sikukuu ya Watakatifu Wote ni yao hasa, ambao sisi hatuwajui, na Mungu awajua mmoja mmoja.

Tena nawaomba kila mtoto atengeneze vyombo viwili. Kimoja ni chake. Cha pili asikitumie kuombea kitu. Akijaze nyumbani, kwa pipi au biskuti au mandazi ya mama yake, akipeleke mwenyewe kwa jirani: kwa mzee akaaye peke yake, kwa mjane, kwa mgonjwa, kwa familia iliyofika mwezi huu na isiyojua bado maana ya hayo maboga. Wazazi wafuatane nao. Na huyo mzee akisema neno juu ya mume au mke aliyefariki, mtoto alichukue jina lile, alilete kanisani tarehe 2 Novemba, tumshukuru Mungu kwa ajili yake pamoja na marehemu wetu, hata wale tuliowazika mbali, na wale ambao hatukupata nafasi ya kuwazika. Hivyo ile sala iliyoanguka njiani tutaiokota.

Mzazi ambaye dhamiri yake haimruhusu kabisa kumtoa mtoto usiku ule, asilaumiwe. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 14, atuonya tusihukumiane kwa mambo ya namna hii, wala tusimkwaze ndugu. Huyo naye awashe taa yake, afungue mlango, awape watoto wa wengine. Na mzazi amwachaye mtoto wake atoke, asimwachie maduka kumfundisha maana ya usiku ule.

Wapendwa, karatasi ni kitu dhaifu. Yaraka kwa mvua, yapasuka kwa mkono wa mtoto. Mtume asema hazina ya Mungu imo katika vyombo vya udongo, wala udongo hauna nguvu kuliko karatasi kwa mbali sana. Mafuta ya mjane hayakukoma kwa sababu Mungu alichoka kutoa. Yalikoma kwa sababu hakikuwapo tena chombo kitupu cha kuletwa. Walioleta vyombo vile walikuwa watoto. Basi tusiwazuie watoto wetu wasilete vyao.

Mungu, aliyewajaza watakatifu wake katika vizazi vyote, atujaze na sisi, afungue milango yetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndimi mtumishi wenu katika Kristo,
Kasisi wa Mtaa