Dau la Mwandishi

Hebu tujiulize: watu wawili wanapopigana, na wengine wanacheza kamari juu yao, yule aliyekaa pembeni na kalamu ana lawama au hana?

Mie swali hili lilinikamata hapa hapa Mkoani, barazani, si mbali na bandari. Usiku ule tulikuwa tunatizama ngumi za Dar es Salaam kwenye televisheni. Kwetu Zanzibar ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, zikaruhusiwa tena 2022, na vijana wamezipokea kwa pupa. Rafiki yangu mmoja, mvuvi, akaweka dau: pesa alizokuwa akidunduliza anunulie nyavu. Akanigeukia, "Yakhe, wasemaje?" Mie nikacheka tu, nikafungua daftari. Moyoni nilijua ataliwa. Nilijua pia kwamba akiliwa, nimepata hadithi. Basi akaliwa.

Siku zile nilikuwa nasoma habari za Pierce Egan, Mwingereza aliyezaliwa 1772, aliyeanzia kwenye kazi ya uchapaji. Kuanzia 1812 aliandika Boxiana, vitabu vya habari za mabondia. Ngumi zile zilikuwa za mikono mitupu, na kisheria zilikatazwa. Hata hivyo watu walitoka London kwa maelfu kuzifuata mashambani, na kamari ikachezwa bila haya. Egan alikuwa humo humo, mwenzao.

Miongoni mwa aliowaandika ni Tom Molineaux, mtu mweusi kutoka Marekani, anayesemekana alizaliwa utumwani. Alipambana na bingwa wa Uingereza, Tom Cribb, mwaka 1810 na tena 1811, akashindwa mara zote mbili. Mwaka 1818 akafa masikini huko Galway, Ireland. Mwaka huo huo Boxiana juzuu ya pili ikatoka.

Sasa tupime. Bondia ameweka mwili wake. Mcheza kamari ameweka mfuko wake. Mwandishi je, kaweka nini? Akishinda huyu, ni hadithi. Akianguka, ni hadithi tamu zaidi. Katika uwanja mzima ni yeye tu asiyeliwa.

Utanijibu: bila ya watu kama Egan, nani leo angemjua Molineaux? Kweli kabisa. Wala siwaambii vijana wenzangu wasiandike juu ya ngumi na kamari. Hata kirumbizi cha Kengeja, fimbo kwa fimbo, kina haki ya kuandikwa. Ninalosema ni kwamba kalamu haimwondolei mtu utu wake. Kabla sijawa mwandishi wa yule mvuvi nilikuwa rafiki yake, na aliniuliza. Neno moja tu, "Acha", pengine asingelisikia. Lakini lilikuwa deni langu, na sikulilipa.

Hadithi yake niliiandika, mie mwenyewe simo. Waliosoma waliisifu, nami nilijua ni uongo. Nimeichana. Naiandika upya, na safari hii yumo kijana mwenye daftari, anacheka. Nitamsomea yeye kwanza, uso kwa uso. Akikasirika, akinikimbia, basi hilo ndilo dau langu.

Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Na langu huenda lisifike. Lakini ni afadhali kuliko kukaa pwani, kalamu mkononi, nikihesabu waliozama.