Jim na Soweto

Kanuni ni nyepesi. Katika Kiingereza, kama katika Kiswahili, nomino ya kawaida hutaja kila kilicho cha aina yake, nayo huandikwa kwa herufi ndogo. Nomino ya pekee humtaja mmoja, nayo huanza kwa herufi kubwa. Mtoto wa shule huimaliza kwa somo moja. Jiji la Johannesburg, lililoanzishwa mwaka 1886, limeivunja kanuni hiyo kutoka pande zote mbili.

Mwaka 1963 makazi ya Waafrika yaliyokuwa nje ya jiji yalipewa jina la Soweto. Neno hilo limeunganishwa kwa silabi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Ni maelezo ya ramani. Lakini baada ya tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans na polisi wakawapiga risasi, ni wachache waliosikia tena dira ndani ya neno lile. Wakazi wake ndio walioligeuza kuwa nomino ya pekee.

Jim alipita njia ya kinyume. Waajiri wengi wa Kizungu waliwaita wafanyakazi wao Jim au John bila kuuliza walivyoitwa na wazazi wao, na filamu ya mwaka 1949, Jim Comes to Jo'burg, ikampa jina hilo mhusika atokaye kijijini kutafuta kazi mjini. Herufi kubwa ilibaki, upekee ukatoka. Jim mmoja akiondoka, mwingine aliingia.

Yawezekana mtu akapinga kwamba hakuna lugha inayoweza kuishi bila maneno ya jumla. Ni kweli. Daktari husema mgonjwa, hakimu husema mshtakiwa, wala hawamdhulumu mtu, maadamu baada ya neno hilo huuliza jina. Dhuluma huanza pale neno la jumla linapofunga swali. Mei 2008 ghasia zilianzia Alexandra na kuua zaidi ya watu 60 nchini. Waliowindwa waliitwa makwerekwere, neno linalomweka Mzimbabwe, Msomali na Mmalawi katika fungu moja. Hata hivyo, miongoni mwa waliouawa walikuwamo raia wa Afrika Kusini wenyewe. Neno lililodai kuwatenga wageni halikuweza hata kuwatambua.

Jina halimkingi mtu na rungu. Ila anayeliuliza kwanza hulazimika kusubiri jibu, na katika kusubiri huko mkono hupata nafasi ya kushuka.