Kabla ya Kuongeza Upande Mpya wa Kanisa

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo huku kwetu mlimani, Bulongwa, mwaka 1895. Tangu hapo waumini wameongezeka, na katika sharika zilizorithi majengo ya misheni swali hurudi: tuvunje, tujenge jipya kando, au tuongeze upande kwenye kanisa lililopo? La tatu hupendwa, maana hutunza kumbukumbu ya wazee na huonekana nafuu. Ila kabla hatujakubaliana, ndugu zangu, tuitazame Zanzibar.

Jumba la Beit al-Ajaib la huko si kanisa, lakini ni jengo la kale lililoongezewa. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Waingereza walipoupiga mji mizinga tarehe 27 Agosti 1896, mnara uliosimama mbele yake uliharibiwa, na mwaka uliofuata mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Mwaka 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka. Sisemi mnara huo ndio ulioliangusha. Nasema tu kwamba jengo lililokwisha kubadilishwa lataka macho zaidi.

Na dalili zilikuwepo. Mwaka 2012 sehemu kubwa ya roshani ilidondoka. Mwaka 2015 kipande cha paa kikafuata. Yalifanyika mazungumzo, fedha zikatafutwa, Oman ikajitolea kugharimia ukarabati. Lakini maji na uzito havisubiri vikao. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, mafundi wakiwa kazini, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara. Watu wawili walifariki. Ilikuwa miaka minane tangu onyo la kwanza!

Tusiwacheke waliokuwa wakilitunza jumba hilo. Ningekuwa kwenye kamati yao, huenda nami ningesema, "Limesimama zaidi ya miaka mia, litashindwaje kusubiri mwaka mmoja?" Maneno hayo hayo husemwa kwetu mlimani.

Kwetu dalili huja kimya kimya. Ufa unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri, sasa unakwaruza sakafu. Lipu inayobanduka chini ya ukuta baada ya masika. Tunaita fundi, anaziba kwa saruji, anapaka rangi, na Jumapili tunasifu unadhifu. Kumbe kuta za zamani, zilizojengwa kwa udongo au chokaa, huvuta unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, nao ukuta huoza taratibu.

Kisha tunachimba msingi wa upande mpya, tena wa kina kuliko ule wa zamani, tukiugusa ukuta wenyewe. Udongo uliokuwa umeushikilia unatoka. Zege jipya nalo hutulia kwa mwendo wake, wakati jengo la zamani lilishatulia miongo mingi iliyopita. Ukiyafunga pamoja kwa nondo, jipya likishuka linalivuta la zamani. Ni salama zaidi kuacha nafasi ndogo kati yao, iliyozibwa kwa kitu kinachonyumbulika, ili kila moja lisimame kwa miguu yake.

Jambo lingine: ufa uwekewe kipande cha lipu chenye tarehe, utazamwe masika yote. Lipu ikikatika, ukuta bado unatembea, na ujenzi usianze.

Wajumbe wa kamati za ujenzi, nawasihi: fedha ya kwanza ya harambee imlipe mhandisi aliyesajiliwa aje kuukagua msingi wa zamani, kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji.